Muhuri wa Mke Mwenza

Mumewe alipokuwa hai, Mama Pasi alikuwa na mke mwenza wa chuma.

Ndivyo alivyokuwa akiwaambia wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali, nao walicheka mpaka wakashika mbavu, maana kila mmoja alijua anasemwa nani. Ilikuwa manowari, meli ya vita ya rangi ya kijivu, ambayo Mama Pasi hakupata kuitia machoni hata siku moja. Alichokijua yeye ni bahasha zake. Mumewe, fundi saa, mtu mpole mwenye sikio moja lisilosikia, alikusanya bahasha zilizopigwa muhuri ndani ya meli ile. Barua hazikuwamo. Ndani mlikuwa na kipande cha kadibodi tu, cha kuzuia bahasha isikunjike. Siku ilipofika bahasha moja, mume aliingia nyumbani uso unang'aa kama kijana aliyekubaliwa posa, na mke akauliza toka jikoni:

"Mwenzangu kakuandikia?"

"Kanikumbuka," akajibu mume.

"Na mimi nimekukumbuka. Gesi imekwisha."

Sasa mume hayupo. Alizikwa kabla ya mvua, na mvua zenyewe zilishakatika. Mama Pasi alikuwa amerudi kazini, kwa sababu mashuka ya wagonjwa hayasubiri msiba wa mtu, na kila siku alisimama mbele ya meza ya pasi mpaka nyayo zikawaka moto na mgongo ukawa unamsema. Alisali asubuhi, akasali jioni, katikati akanyoosha mashuka. Hakuomba makubwa. Aliomba nguvu ya kufika jioni.

Adhuhuri moja rafiki wa marehemu akasimama mlangoni mwa chumba kile.

"Hodi humu kwenye moto."

"Karibu, shemeji. Usiguse shuka hilo, mikono yako naijua."

"Nimenawa."

"Mwaka gani?"

Mtu huyu aliitwa Nahodha, ingawa hakupata kushika usukani wa chombo chochote. Enzi za ujana wao, yeye na fundi saa walikwenda pamoja kuomba kazi katika jeshi la majini. Mmoja akachukuliwa, mwingine akarudishwa kwa ajili ya lile sikio. Aliyechukuliwa akapangiwa jikoni mwa manowari, akamenya viazi humo mpaka alipostaafu. Jina la Nahodha alipewa na rafiki yake kwa utani, likamganda. Barua yake ya kwanza toka melini ilikuwa na muhuri mweusi, duara dogo lenye namba ya meli na tarehe, na fundi saa aliutazama muhuri ule jioni nzima kwa ile lenzi ya kutengenezea saa. Hapo ndipo ugonjwa ulipomwanzia.

Nahodha hakuucheka ule utani wa mikono. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu, akavua kofia.

"Shemeji, ile meli wanaishusha bendera. Mwisho wa mwezi. Imezeeka, wataivuta ikakatwekatwe vyuma."

Mama Pasi akaiweka pasi kwenye kikalio chake. "Basi mwenzangu naye," akasema.

"Na posta ya mle ndani inafungwa siku hiyohiyo. Muhuri utapigwa mara ya mwisho, kisha unavunjwa. Kila mkusanyaji anaitaka bahasha ya siku hiyo."

"Wetu hayupo wa kuitaka."

"Wetu alishaituma."

Kumbe ndiyo kawaida yao watu hawa. Unachukua bahasha safi, unabandika stempu, unaandika jina lako mwenyewe na namba ya sanduku lako la posta, unaitia ndani ya bahasha nyingine, unaituma melini mapema, na unamwomba karani wa posta ya humo aitunze kwenye droo mpaka siku unayoitaka. Siku ikifika, anagonga muhuri, anaiachia irudi kwako. Fundi saa alikwisha kusikia tetesi za meli kustaafu, akawahi wakati miguu ingali inambeba.

"Nilikwenda naye posta mwenyewe," Nahodha akasema. "Ile stempu aliibandika kama anayemfunga mtoto nepi. Pole pole, pole pole, mpaka foleni nyuma yetu ikaanza kutusengenya."

Hapo ndipo Mama Pasi alipokumbuka neno ambalo mumewe alimwambia kitandani, siku zile za mwisho, sauti ikiwa imeshakauka: "Ikija ile, iweke mahali pake. Isikunjwe." Yeye aliitikia ndiyo, kama unavyomwitikia mgonjwa, akidhani anaweweseka. Kumbe ameahidi kitu, na hakujua ameahidi nini.

Kisha akakumbuka la pili.

"Shemeji," akasema, "ufunguo wa sanduku niliurudisha."

Aliurudisha juma lilelile la msiba, wala hakuna aliyemtuma. Alilelewa hivyo: kitu cha serikali ukimaliza nacho unakipeleka. Aliuosha ufunguo kwa sabuni, akaukausha, akaufunga kwenye leso, akaenda nao posta na kumwambia dada wa dirishani kwamba mwenye sanduku amefariki. Yule dada akampa pole, akatoa kadi ya sanduku na kuandika juu yake. Mama Pasi alitoka pale mzigo umempungua, akijiambia kwamba walau jambo moja katika msiba huu limekwisha vizuri.

"Sasa ikija itakwenda wapi?" aliuliza.

"Asipopatikana aliyeandikiwa, inarudishwa kwa aliyeituma."

"Aliyeituma ni nani?"

Nahodha akakuna kichwa. "Yeye mwenyewe."

Wakatazamana. Siku nyingine wangecheka.

Jioni ile, baada ya kazi, Mama Pasi alipitia posta. Jengo lilikuwa na sakafu iliyochubuka kwa miguu ya watu na feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Yule dada wa dirishani alimkumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na kichwa cha habari kisicho na mkia, nivumilie."

Akamweleza yote. Dada akasikiliza, akaitafuta kadi, akaigeuza upande wa pili kama anayetarajia kukuta jibu kule.

"Mama, hapa pameandikwa amefariki."

"Najua. Mimi ndiye niliyesema."

"Basi ikija, sisi tutaizuia. Meli ikishafungwa hakuna pa kuirudisha, kwa hiyo itakaa rafu ya nyuma. Ukija na cheti cha kifo unapewa kama mrithi."

"Mungu akubariki. Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Ila barua ya marehemu haitoki kwetu bila kugongwa muhuri. Usoni." Akainua muhuri wa mpira mkubwa, mpini wake umeng'aa kwa jasho la viganja, akaugonga kwenye karatasi ya mfano ili mama aone. Neno AMEFARIKI likatokea jekundu, herufi nene, moja juu ya nyingine, wino umetapakaa hadi pembeni.

Mama Pasi aliutazama ule wekundu, akaaga, akatoka.

Nyumbani, marehemu aliacha albamu zimejaa almari. Kila bahasha ilikaa katika mfuko wake, na chini ya kila moja tarehe kwa penseli. Fundi saa alipenda usafi kupita kiasi. Muhuri ukija umepinda, alinuna. Wino ukififia, alinuna. Mwaka mmoja tarishi asiye na habari aliandika namba kwa kalamu juu ya bahasha, na fundi saa akasusa chakula cha jioni kama mtoto. Bahasha zilizojikunja njiani alimpa mkewe, naye alizilaza kati ya vitambaa viwili na kuzipitishia pasi ya uvuguvugu, huku akinung'unika kwamba ameolewa kuja kunyoosha nguo za mke mwenza. Ukurasa wa mwisho wa albamu ya mwisho ulikuwa na mfuko mmoja mtupu. Chini yake, kwa penseli: Ya kufungia.

Na sasa bahasha hiyo ije igongwe lile dude jekundu usoni, kwa sababu yeye mkewe alikimbilia kurudisha ufunguo. Alikaa ameshika tama mpaka chai ikapoa.

Binti yake alipopiga simu, alimweleza.

"Mama, albamu zenyewe zinakujazia nyumba. Njoo ukae kwangu upumzike, uziache hizo."

"Nitakuja. Nikimaliza."

"Kwani ikikosekana kuna nini? Baba hawezi kujua."

"Mimi nitajua, mwanangu."

Binti akauliza kama amekula.

Mwisho wa mwezi ukapita. Mama Pasi akawa anatoka kazini na kupitia posta, anatikisiwa kichwa, anarudi. Alifika mahali hakuuliza tena; alisimama karibu na mlango, dada akimwona anatikisa kichwa, naye anageuka. Kuna jioni alikaa kwenye benchi la posta akidhani anapumzika kidogo tu, akaamshwa na mfagiaji. Alijikaza kisabuni. Katika sala zake hakuitaja bahasha, aliona haya kumsumbua Mungu kwa jambo dogo namna hiyo, lakini alijua kwamba Mungu anajua anachokwepa kukitaja.

Siku bahasha ilipofika alikuwa na Nahodha, aliyekuja kumsindikiza akisema anapita njia hiyo, ingawa hakuna njia yake iliyopita pale. Dada alipowaona hakutikisa kichwa. Aliwaita kwa mkono.

"Imekuja, mama. Asubuhi ya leo."

Akaiweka kaunta, upande wake wa ndani. Ilikuwa safi kama yai. Stempu pembeni, nyoofu. Juu ya stempu duara jeusi la manowari na tarehe ya siku yake ya mwisho. Katikati, kwa mwandiko ule mdogo wa mtu aliyezoea vitu vidogo, jina la fundi saa na namba ya sanduku lake. Upande wa kushoto weupe mtupu. Mama Pasi aliusoma mwandiko ule.

Dada akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nimefikiri sana juu yako. Kuna karatasi hii. Ukiweka sahihi kwamba kadi iliandikwa kwa makosa, naitoa kadi, bahasha unaichukua kama ilivyo. Haigongwi kitu. Hakuna atakayekuja kuuliza."

"Mungu akupe mume mwema, binti," Nahodha akasema papo hapo. "Shemeji, kalamu hii hapa."

Mama Pasi aliivuta karatasi. Shule aliishia ya msingi, na karatasi za ofisini alizisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Ilisema kwamba taarifa ya kifo ilitolewa kimakosa na kwamba mwenye sanduku yupo.

Akarudia lile neno la mwisho. Yupo.

Kalamu ilikuwa mkononi. Ingekuwa rahisi mno. Miguu ilimuuma, alitaka kwenda nyumbani, na mahali pa sahihi palikuwa padogo tu. Lakini nguo aliyozikwa nayo mtu yule aliipiga pasi yeye mwenyewe, kwa mikono hii, na wageni wote waliofika kumwulizia aliwajibu hayupo, hayupo, hata ulimi ukazoea. Leo aje aandike yupo, kwa ajili ya bahasha?

Akairudisha kalamu kaunta.

"Asante, mwanangu. Umenifikiria, sitasahau. Ila siwezi."

"Shemeji!" Nahodha akashika kichwa. "Neno moja tu! Mungu hasomi karatasi za posta."

"Wewe ndiye husomi. Yeye anasoma zote."

"Na yule aliyekuwa akisusa chakula kwa nukta ya wino? Unataka bahasha yake ya kufungia iende na lidude hilo usoni?"

Hilo lilimchoma, na Nahodha aliona limemchoma, akageuka kutazama feni.

Dada alishusha pumzi. Akauvuta muhuri wa mpira, akaukandamiza kwenye wino, akauinua juu begani kama anavyoinua kwa barua zote.

"Ngoja kwanza," Mama Pasi akasema. "Unapiga wapi?"

"Juu ya jina, mama. Ndivyo tulivyozoea."

"Na sheria?"

"Sheria inataka usoni tu, uonekane."

"Basi pale kushoto, chini, penye uwazi. Na kama inawezekana, nipige mimi."

Dada akageuka kumtazama mkuu wake, bwana mnene aliyekuwa meza ya nyuma akila karanga huku akijidai hasikii. Yule bwana akatafuna, akameza.

"Sheria inasema upigwe," akasema. "Mkono wa nani haikusema. Ajaribu kwanza kwenye takataka, asije akaniharibia kazi."

Wakamfungulia kimlango cha pembeni, wakampa karatasi ya kutupwa. Mama Pasi akapiga kama alivyomwona dada akipiga, kwa kishindo. Wino ukaruka, herufi zikavimba, neno likawa halisomeki. Foleni nyuma ya Nahodha ikaanza kuguna.

"Kuna nini huko mbele?"

"Kuna msiba," Nahodha akawajibu bila kugeuka. "Tulieni."

Mama Pasi aliutazama uchafu ule. Halafu akafikiri: kumbe ninagonga. Na nani alinifundisha kugonga? Kola ya daktari haigongwi. Unailaza sawa, chini unatandika kitu laini, pasi unaiweka, unaiegemea kwa uzito wa bega, unaiinua wima. Ukiiburuta hata kidogo, umeikunja. Akaomba gazeti, akalikunja, akalitandika. Akaomba kitambaa, akapangusa wino uliojaa kwenye mpira. Akajaribu mara nyingine, likatoka afadhali.

Ndipo akailaza bahasha juu ya gazeti, akamtaja Mungu kimoyomoyo, akaweka muhuri pale kushoto chini, akauegemea, akauinua.

AMEFARIKI. Limenyooka, kila herufi imesimama peke yake, halikugusa jina wala stempu wala duara la meli.

Alidhani atalia. Machozi hayakuja, hata hayo yalikuwa yamechoka. Alisimama tu, akiupulizia wino ukauke, akatoa cheti cha kifo, akaweka sahihi mahali pa mrithi, kwa herufi zake za shule ya msingi.

"Mama," mkuu wa posta akasema, "kazi ya pasi ikikuchosha njoo hapa."

"Nitoke kwenye moto niingie kwenye wino? Niache nipumzike, baba."

Nyumbani, Nahodha aliifungua albamu ya mwisho juu ya meza ya kazi ya marehemu. Alikuwa bado na kinyongo kidogo.

"Angenuna," akasema.

"Angenuna wiki nzima. Halafu angeitazama."

Nahodha akachukua lenzi ya saa, akaibana kwenye jicho, akainama juu ya bahasha. Akakaa hivyo kitambo.

"Huu wako umenyooka," akakiri. "Umenyooka kama kola."

"Na ule wa meli?"

Akasogeza kichwa. Akasogeza tena. "Wa meli," akasema taratibu, "umepinda kidogo. Na huku juu wino haukushika. Siku ile karani alikuwa na rundo la bahasha, nadhani mkono ulimlegea."

"Lete nione."

Miaka yote ile Mama Pasi hakuwahi kuiweka lenzi ile jichoni. Mwanzoni aliona ukungu, kisha kope zake mwenyewe, kisha duara likamjia, kubwa, jeusi. Kweli, namba ilikuwa imelala upande, na ukingo wa juu umefifia, kama kamba inayochakaa kuelekea kukatika. Mbali kidogo na hapo lilisimama neno lake jekundu. Alitazama mpaka jicho likamwuma.

"Maskini," akasema. "Mwenzangu naye alikuwa hoi."

Akaitia bahasha katika mfuko mtupu, taratibu, isikunjike, akafunga albamu na kuiweka almarini pamoja na zile nyingine. Kisha akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha fundi saa, akainua miguu juu ya kigoda.

"Shemeji, birika liko palepale," akasema, macho ameshafumba. "Wewe ndiye ulikuwa jikoni, si ndiyo? Basi leo nipikie chai ya kimelimeli."